Nyumba Kuzuiwa kwa Deni Lililokwisha Kulipwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, twapenda mwezi huu kuzungumza na wenye nyumba, waume kwa wake, juu ya jambo ambalo huwajia watu ghafula, na mara nyingi huwajia wakati wa msiba. Jambo lenyewe ni mtu kudaiwa mara ya pili deni ambalo limekwisha kulipwa, na nyumba yake ikazuiwa kwa sababu ya deni hilo.

Deni ni jambo zito katika dini yetu. Imepokewa na Tirmidhi kwamba roho ya Muumini hubaki imefungika kwa deni lake mpaka alipiwe. Kwa sababu hiyo wazee wetu walitufundisha kulipa, nasi twawafundisha watoto wetu kulipa. Lakini liko fundisho la pili ambalo limeachwa nyuma, nalo ni kwamba mwenye kulipa hajamaliza kazi yake mpaka awe na ushahidi wa kulipa kwake. Aliyelipa pasina ushahidi yu salama mbele ya Mola wake, lakini mbele ya watu bado ni mdaiwa, na nyumba yake yaweza kushikwa.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Natuweke mfano, na mambo kama haya si machache katika miji yetu ya pwani ya Kenya. Mtu amefariki, ameacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, na mdogo wa mabinti hao ana miaka 9. Mali aliyoiacha ni nyumba moja iliyo juu ya kiwanja chake mwenyewe, tena ina hati. Kadhi amekwisha kuwabainishia mafungu yao: mke apata thumni, yaani sehemu 1 katika 8, na sehemu 7 zilizobaki ni za watoto, mwanamume sehemu mbili na mwanamke sehemu moja. Basi mama ana sehemu 1, kila mwana ana 2, na kila binti ana 1. Jumla yake ni 8. Wameafikiana kuiuza nyumba ili kila mtu apate fungu lake, na mnunuzi amepatikana.

Hapo ndipo lilipozuka jambo. Mnunuzi ataka cheti cha kutodaiwa kodi ya ardhi. Mwana mkubwa akaenda afisini, akaambiwa kwamba kiwanja kina deni la miaka 7, tangu mwaka 2006 hata 2012, na kwamba pamoja na nyongeza za kuchelewa limefika shilingi 240,000. Hapati cheti mpaka zilipwe zote. Aliporudi nyumbani, mama yake akasema kwamba marehemu alikuwa akilipa, na yeye akimwona akitoka na fedha kwa kazi hiyo. Ami yao akasema, "Wanangu, lipeni tu mambo yaishe, mnunuzi asije akatukimbia."

Maneno ya ami ni maneno ya mtu mwema, na wengi wangeyafuata. Lakini hebu tuyapime. Shilingi 240,000 zikitolewa katika thamani ya nyumba, kila sehemu moja katika zile nane itapungua shilingi 30,000. Mama atapoteza 30,000, kila mwana 60,000, na kila binti 30,000. Watu wazima waweza kusamehe haki yao, na kusamehe ni wema. Lakini yule binti wa miaka 9 hana uwezo wa kusamehe, wala kaka yake hana ruhusa ya kumsamehea, wala ami yake. Mwenyezi Mungu amekataza, katika Surat al-An'am aya ya 152 na tena katika Surat al-Isra aya ya 34, kuikaribia mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora. Na kulipa kwa mali ya yatima deni ambalo halipo, kwa kuchoka tu kwenda na kurudi afisini, hatuoni kuwa ndiyo njia iliyo bora. Basi kulipinga deni hilo si ubishi wala si ukaidi. Ni amana.

DENI LISILOONEKANA KATIKA HATI

Wengine hustaajabu wakasema: Hati ya nyumba ni safi, haikuandikwa rahani wala zuio lolote, imekuwaje basi nyumba ishikwe? Jawabu yake ni kwamba sheria ya Kenya ya kusajili ardhi, ya mwaka 2012, imeihesabu kodi ya ardhi isiyolipwa kuwa ni haki iliyo juu ya kiwanja hata kama haikuandikwa katika daftari la msajili. Tena sheria hiyo ilipotoka ilimzuia msajili kuuhamisha umilikaji mpaka aletewe cheti kwamba hakuna kodi inayodaiwa, na mnunuzi naye huweza kukitaka cheti hicho kabla ya kununua. Kwa hiyo kosa moja katika daftari la kodi latosha kuifunga nyumba, ijapokuwa daftari la ardhi halina kosa.

Kushika huku kwafanana na rahani, ingawa rahani ya kisharia huwekwa kwa mapatano ya watu wawili. Nayo rahani haisimami peke yake, husimama juu ya deni. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, rahani haifunguki hata sehemu yake maadamu imebaki senti moja ya deni. Lakini likiisha deni, rahani imefunguka yote, na mkono wa mwenye kuishika ni mkono wa amana, akitakiwa lazima arudishe. Basi mwenye kutaka kuifungua nyumba na ashike hapo: asigombane juu ya nyumba, aliulizie deni. Deni likianguka, kushika nako kumeanguka.

Na hayo ndiyo yanayowahusu waliokopa na kuweka nyumba kuwa dhamana. Mtu akimaliza kulipa, asitosheke na kupewa mkono na kuambiwa hongera. Atake hati ya kuondolewa dhamana, naye aifikishe kwa msajili ili jina la mdai lifutwe. Asipofanya hivyo, watoto wake watakuja kulikuta jina hilo miaka 20 baadaye, wala hawatakuwa na wa kumuuliza.

NANI ATAKIWAYE USHAHIDI?

Hapa pana fundo, na wengi hujikwaa nalo. Kila aliyesoma Hadithi Arubaini za Imamu Nawawi ajua kanuni aliyoiweka Mtume s.a.w., kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Basi watu husema: Anayetudai ni wao, na walete ushahidi wao, sisi twakaa kimya. Maneno hayo ni kweli ikiwa unakana kwamba deni lilikuwako. Lakini ukisema, "Ndiyo, tulikuwa twadaiwa, lakini tumelipa," umekwisha kukiri deni, na sasa wewe ndiwe mwenye kudai, kwani wadai kwamba ulilipa. Wanachuoni wamesema kwamba asili ya jambo ni kubaki lilivyokuwa mpaka ithibiti kuwa limeondoka. Deni limethibiti kwa kukiri kwako, na kuondoka kwake kwataka ushahidi utokao kwako. Mahakama za serikali nazo hufuata njia hiyo hiyo: mwenye kudai jambo ndiye mwenye kulithibitisha.

Wala mtu asione kuwa ni kuvunjiwa heshima kuambiwa alete ushahidi. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume s.a.w. alinunua farasi kwa bedui mmoja, kisha bedui akakana kuwa amemuuza, akamtaka Mtume alete shahidi. Mtume ndiye mkweli wa wakweli, lakini hakumkemea bedui kwa kutaka shahidi. Alisimama Khuzayma bin Thabit akashuhudia, na Mtume akaufanya ushahidi wake kuwa sawa na wa watu wawili. Ikiwa Mtume ametakwa shahidi, sisi ni nani tukasirike tunapotakwa stakabadhi?

KUANDIKA KULIPA KAMA KUANDIKA KUKOPA

Aya iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani ni aya ya 282 ya Surat al-Baqara, nayo yasema juu ya deni. Mwenyezi Mungu ametuamrisha humo kuliandika deni na muda wake, kuweka mashahidi, na kutochoka kuandika, liwe dogo au liwe kubwa. Aya inayofuata yataja rahani kwa walio safarini wasiopata mwandishi. Na Mtume mwenyewe aliweka rahani hali yuko mjini: imepokewa na Bukhari kwa Bibi Aisha kwamba alipofariki deraya yake ilikuwa imewekwa rahani kwa Yahudi mmoja kwa pishi 30 za shayiri.

Watu wengi huisoma aya ya 282 wakadhani kuandika ni wakati wa kukopa tu. Lakini tutazame Surat an-Nisa, aya ya 6. Huko Mwenyezi Mungu amewaamrisha walezi wa mayatima kwamba watakapowakabidhi mali zao, wawashuhudizie. Huko si kukopa, ni kutoa na kukabidhi kilicho haki ya mtu, nako kumewekewa mashahidi. Basi mwenye kulipa deni, au kodi, au kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi, kama walipavyo maelfu ya watu wa Mombasa wenye nyumba zisizo na ardhi, naye hana budi kushuhudiza, na shahidi wa siku hizi ni stakabadhi.

NJIA YA KUIDAI HAKI

Na turudi kwa wale warithi wetu, tuone wafanye nini. Jambo la kwanza ni kutokiri wala kukana kwa mdomo mbele ya dirisha la karani. Waandike barua, wataje namba ya kiwanja, waombe hesabu kamili ya kila mwaka: mwaka gani wadaiwa kiasi gani, fedha zipi zilipokewa na siku gani, na nyongeza zimehesabiwaje. Sheria ya Kenya ya kupata habari, ya mwaka 2016, imeipa afisi ya umma siku 21 kujibu maombi kama hayo. Barua iwe mbili, moja ibaki afisini, ya pili igongwe mhuri wa kupokewa irudi nyumbani.

Jambo la pili ni kuyatafuta yaliyolipwa. Wafungue sanduku la marehemu, watoe stakabadhi, wazipange kwa miaka. Pasipokuwa na stakabadhi, pana mashahidi wengine: hesabu ya benki, vibutu vya vitabu vya hundi, na kwa malipo ya siku za karibu, taarifa ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007. Na shahidi aliye bora kuliko wote, ambaye watu humsahau, ni cheti cha zamani cha kutodaiwa. Ikiwa marehemu aliwahi kupewa cheti hicho katika mwaka 2010, basi afisi yenyewe imekwisha kushuhudia kwamba mpaka siku ile hakudaiwa kitu. Vipi leo imdai mwaka 2006?

Jambo la tatu ni kulitafuta kosa lilipo. Kumbuka ya kuwa serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013, na kabla ya hapo kodi ya mjini ilipokewa na mabaraza ya miji na manispaa. Madaftari yakatoka mkono mmoja yakaingia mkono wa pili, na mengine yakatoka katika karatasi yakaingia katika kompyuta. Aliyelipa kabla ya mwaka huo aweza kuwa na stakabadhi ya kweli, na jina lake lisionekane. Tena huenda karani alikosea tarakimu moja ya namba ya kiwanja, na fedha zikaandikwa juu ya kiwanja cha mtu mwingine. Kosa la namna hiyo likionyeshwa hurekebishwa. Kwa hivyo ombi liwe ni kurekebisha hesabu, wala lisiwe ni kuomba huruma.

Na hapa twataka kuonya. Hutokea mara kwa mara serikali za kaunti kutangaza msamaha wa nyongeza kwa atakayelipa asili ya deni kabla ya siku fulani. Kwa mwenye kudaiwa kweli, hiyo ni nafuu na aikimbilie. Lakini kwa aliyekwisha kulipa, akiupokea msamaha huo bila ya neno, aweza kuhesabiwa kuwa amekiri deni. Ikimlazimu kulipa kwa dharura, basi aandike waziwazi katika barua kwamba amelipa kwa kulazimika, hakukiri, na ataka arudishiwe.

Jambo la nne ni kutoa nakala na kubaki na asili. Karatasi asili ikionyeshwa na ionyeshwe, lakini isiachwe. Wengi wamepoteza haki zao kwa kuiacha stakabadhi yao ya pekee mezani kwa mtu.

Jambo la tano: akitokea mtu akawanong'oneza kwamba deni laweza kufutika kwa kitu kidogo, wasimsikize. Mtume s.a.w. amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kuipokea. Wapo wanachuoni waliompa ruhusa aliyedhulumiwa ambaye hana njia yoyote ya kuipata haki yake ila kwa kutoa, na dhambi ikawa juu ya mwenye kupokea. Lakini ruhusa hiyo ni ya aliyefungiwa milango yote. Sisi bado milango iko wazi, tena deni lililofutwa kwa rushwa huweza kurudi siku yoyote, kwa kuwa halikufutwa kwa ushahidi.

Barua isipojibiwa, iko tume ya taifa isikilizayo malalamiko juu ya watumishi wa umma, ijulikanayo kwa jina la Ombudsman, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011. Na ikishindikana kabisa, iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na huko ni vyema kwenda na wakili. Wako ndugu zetu wanaoukimbilia mlango wa Kadhi kwa mambo haya. Kadhi ana heshima yake, lakini Katiba ya mwaka 2010 imemwekea mipaka: ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, kwa Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye. Yeye aweza kuhukumu fungu la kila mrithi. Hawezi kuiamuru afisi ya kodi ifute deni.

MWAKA USIO NA USHAHIDI

Sasa tuseme warithi wamefungua sanduku. Katika miaka 7 wamepata stakabadhi za miaka 5, na hesabu ya benki imeonyesha malipo ya mwaka wa 6. Umebaki mwaka mmoja, nao hauna karatasi wala shahidi. Mjane ajua kwamba mumewe alikuwa akitoka na fedha, lakini hajui kama mwaka ule alitoka au hakutoka. Je, waseme kwamba amelipa?

Hapa ndipo unapopimwa ukweli wa mtu. Surat al-Isra, aya ya 36, imetukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, na imetuambia kwamba masikio na macho na moyo, vyote vitaulizwa. Kumpenda baba si kuwa na ushahidi juu yake. Basi rai yetu ni kwamba waipinge miaka 6 kwa nguvu zao zote, na mwaka mmoja usiojulikana waulipe kutoka katika mali ya marehemu, kwa kuwa deni hutangulia mirathi, kama ilivyokuja katika aya ya 11 na ya 12 za Surat an-Nisa. Hata yule yatima hadhulumiwi kwa kulipwa mwaka huo, maana fungu lake halihesabiwi ila baada ya madeni ya baba yake. Kufanya hivyo ni kumtoa baba yao katika shaka, na tena kutawapa nguvu mbele ya afisi na mbele ya hakimu, kwa kuwa mtu akubaliye lililo juu yake husadikiwa katika lile analolikana.

NENO KWA WANAOZUIA

Wengi wa wanaokaa nyuma ya meza ni ndugu zetu na watoto wetu, na baadhi yao tumewasomesha Juzuu Amma. Kwao twasema: karatasi uliyoshika inaitwa hesabu kwa kuwa nawe utahesabiwa. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume s.a.w. aliwaambia watu kwamba wao humletea kesi zao, na huenda mmoja akawa hodari wa hoja kuliko mwenziwe, naye akahukumu kwa alivyosikia. Basi atakayemkatia haki ya ndugu yake asiichukue, kwani amemkatia kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haimhalalishii mtu kisicho chake, basi kompyuta haitamhalalishia, wala mhuri. Na imepokewa pia na hao wawili kwamba mwenye kuchukua shibiri ya ardhi kwa dhulma atavikwa ardhi saba shingoni. Karani hakuichukua nyumba, kweli. Lakini aliyeona stakabadhi ya mjane akamwambia, "Njoo kesho," na kesho akamwambia vivyo hivyo, ajue kwamba kuichelewesha haki kwa mwenye uwezo wa kuitoa Mtume amekuita dhulma.

WASIA KWA KILA NYUMBA

Haya yote yangalikuwa mepesi lau marehemu angaliacha mambo manne, nasi twawausia wasomaji wetu wayashike tangu leo. Kuwe na sanduku moja, si mitoto ya meza na mifuko ya makoti. Kila stakabadhi itolewe nakala, kwa kuwa karatasi za mashine za siku hizi hufifia maandishi. Kila mwaka ukiisha, itakwe taarifa ya hesabu ya kiwanja, ili kosa ligunduliwe hali mlipaji yu hai wa kulijibu. Na mke ajue sanduku lilipo, naye mwana mkubwa, na binti mkubwa. Kwani mume afichaye karatasi zake kwa kumwonea haya mkewe amemwachia mashaka badala ya mirathi. Mtume s.a.w. amesema kwamba haimfalii Muislamu mwenye kitu cha kuusia kulala masiku mawili ila wasia wake umeandikwa kwake. Katika wasia huo na yaandikwe madeni aliyonayo, na pembeni yake yaandikwe aliyokwisha kuyalipa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atulipie madeni yetu, awahifadhi mayatima wetu na mali zao, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutoa haki inapotakiwa na kuidai kwa njia ya halali inapozuiwa. Amin.